Ushuru wa sigara Uganda na kinga ya vijana: kwa nini pesa haifiki shuleni, na ingepitia wapi

Sigara moja ya pakiti ngumu iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiuzwa Uganda, hulipiwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 90. Ya pakiti laini hulipiwa shilingi 65. Kwa pakiti ya sigara 20 hiyo ni shilingi 1,800 au 1,300, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Viwango hivi vilianza 1 Julai 2025. Kabla ya hapo vilikuwa shilingi 80,000 na 55,000 kwa kila sigara 1,000, na vilikaa hivyo tangu 2017 bila kuguswa.

Ukusanyaji wenyewe si tatizo kubwa. Mamlaka ya Mapato Uganda inajua nani anaingiza sigara nchini, nani anazitengeneza, na tangu Novemba 2019 kila pakiti halali inatakiwa kubeba stempu ya kidijitali. Kisa tunachokichambua kiko mbele ya hapo: katika hizo shilingi 90, hakuna hata moja ambayo sheria imeitengea kazi ya kumzuia kijana wa Arua, Busia au Kisenyi asianze kuvuta. Zote zinaingia kwenye chungu kimoja. Wanaodai programu za vijana zigharamiwe na ushuru wa tumbaku wana hoja nzuri, lakini wengi wao huishia kwenye asilimia ("tupewe asilimia mbili") na kusahau njia. Uganda imeshawahi kuandika asilimia ndani ya sheria, na pesa haikutembea.

Tuanze na sheria ya tumbaku yenyewe. Uganda ilitia saini Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004 na kuuridhia 2007. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa Bungeni 2015 na kuanza kutumika Mei 2016. Ni sheria kali kwa kipimo chochote. Umri wa kuuziwa ni kuanzia miaka 21, si 18 kama kwa majirani wengi. Sigara haziuzwi moja moja. Kuvuta ndani ya majengo ya umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo ni kosa. Shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku yenye ladha zimepigwa marufuku, matangazo na udhamini vivyo hivyo, na picha za onyo zinatakiwa kuchukua asilimia 65 ya uso wa pakiti. Kampuni ya sigara iliipinga sheria hii mahakamani, na Mei 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi.

Kilichokosekana ni mfuko. Sababu yake mara nyingi husimuliwa vibaya, kana kwamba kulikuwa na njama tu. Muswada huo ulikuwa wa mbunge binafsi, Dkt. Chris Baryomunsi, aliyekuwa akiwakilisha Kinkizi Mashariki. Kifungu cha 93 cha Katiba ya 1995 kinalizuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi au unaoibebesha Hazina mzigo mpya, isipokuwa umeletwa kwa niaba ya serikali. Mbunge binafsi anaweza kuleta marufuku kumi. Hawezi kuleta shilingi kumi. Ndiyo maana nchi ikapata sheria yenye meno mengi na mkoba mtupu. Mkaguzi wa afya wa wilaya ana mamlaka ya kuingia dukani, lakini petroli ya pikipiki inatoka kwenye bajeti ileile ya kipindupindu na chanjo.

Hatua ya pili ni kuelewa chungu chenyewe. Kifungu cha 153 cha Katiba kinasema mapato yote ya serikali yanaingia kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pale Sheria ya Bunge itakapoelekeza yaingie kwenye mfuko mwingine wenye kusudi maalumu. Kwa hiyo Katiba haikatazi pesa kutengewa kazi. Mlango upo. Shida ni kwamba una kufuli zaidi ya moja, na waliotangulia walibeba ufunguo mmoja.

Mfuko wa Barabara ndio mfano ulio wazi kuliko wote. Sheria ya Mfuko wa Barabara wa Uganda ya 2008 iliagiza tozo za mafuta na tozo nyingine za watumiaji wa barabara zipelekwe moja kwa moja kwenye Mfuko, kila mwezi. Lakini Sheria ya Mamlaka ya Mapato ilibaki ikisema kwamba kinachokusanywa na Mamlaka kinakwenda Mfuko Mkuu. Sheria mbili, mkusanyaji mmoja. Mkusanyaji akafuata ile inayomhusu yeye, na rekebisho lililohitajika halikufanywa. Miaka ikapita Mfuko ukiishi kwa mgao wa bajeti kama idara nyingine yoyote, ukipata kile ambacho Wizara ya Fedha iliona kinatosha. Jina lilikuwa la mfuko maalumu. Mwenendo ulikuwa wa kawaida.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na afya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2014 iliunda Mfuko wa Amana wa UKIMWI, na chanzo chake kikatajwa bila kificho: asilimia 2 ya kodi zinazotokana na bia, pombe kali, soda na maji ya chupa. Kwenye karatasi hilo ndilo hasa wapinzani wa tumbaku wanalolilia leo. Ila kanuni za kuuendesha zilichelewa, na hata baada ya hapo uhamishaji wa moja kwa moja uliotarajiwa haukuzoeleka. Asilimia iliyoandikwa bila kusema nani anaikata, siku gani, na kuiweka akaunti ipi, inabaki kuwa ahadi.

Kutokana na visa hivi viwili, kufuli ni tatu. Kwanza, sheria inayounda mfuko au fungu lenyewe. Pili, sheria ya mkusanyaji, inayompa ruhusa na wajibu wa kuihamisha pesa. Tatu, idhini ya Bunge ya kuitumia, kwa sababu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 matumizi hupitia bajeti iliyoidhinishwa. Hata Mfuko wa Mafuta ya Petroli, ulioanzishwa ndani ya sheria hiyo hiyo, pesa yake haitoki bila Bunge. Anayeomba mfuko wa tumbaku wenye uhuru kuliko ule wa petroli anaomba jambo ambalo Wizara ya Fedha haitampa, na sidhani inastahili kumpa.

Kenya ilichukua njia tofauti, na inafaa kuitazama kwa sababu sigara nyingi zinazouzwa Uganda zinatengenezwa Nairobi. Sheria yao ya 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku. Kisha kanuni za 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji wachangie kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku wanazotengeneza au kuingiza. Kampuni ikaenda mahakamani, na shauri likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua 26 Novemba 2019 kwa upande wa serikali. Wakenya walishinda, lakini baada ya karibu miaka mitano. Mchango mpya unaotozwa kampuni humpa mlipaji sababu ya kushtaki. Sehemu ya ushuru ambao tayari unalipwa haimwongezei mzigo, hivyo ni vigumu kwake kulalamika kwamba ameonewa. Kwa Uganda, hiyo ya pili ndiyo salama.

Si kwamba ushuru nao hauna kesi. Viwango vya 2017 vilitofautisha sigara za ndani na zilizoagizwa: kwa kila sigara 1,000, shilingi 55,000 dhidi ya 75,000 kwa laini, 80,000 dhidi ya 100,000 kwa ngumu. Kampuni iliyohamishia utengenezaji wake Kenya ikalalamika kwamba bidhaa ya jirani katika Jumuiya haiwezi kuitwa ya kigeni, na Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikakubaliana nayo. Viwango vya 2025 vimejirekebisha: kiwango cha chini ni kwa sigara za Jumuiya nzima, na zinazotoka nje ya Jumuiya zinalipiwa 150,000 na 200,000. Yeyote atakayechora tozo ya kinga ya vijana aitoze sawasawa kwa sigara za Jumuiya, la sivyo atairudisha kesi ileile Arusha.

Sasa hesabu. Pendekezo la kawaida ni asilimia ya ushuru. Pendekezo letu ni shilingi moja kwa kila sigara, kwa sababu mbili za kiutendaji. Ushuru wa Uganda una ngazi mbili, kwa hiyo asilimia 2 ya pakiti laini ni shilingi 1.30 kwa sigara na ya pakiti ngumu ni 1.80, soko likihamia kwenye laini, pesa ya vijana inapungua ingawa wavutaji ni walewale. Kiasi kisichobadilika hakina ugonjwa huo. Na kinakaguliwa kwa urahisi: idadi ya stempu zilizowashwa katika mwezi, mara sigara zilizomo ndani ya pakiti, mara shilingi moja. Kila sigara bilioni 1 zilizolipiwa ushuru zinaleta shilingi bilioni 1 kwa kila shilingi moja iliyotengwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kulinganisha daftari la stempu na salio la akaunti kwa mchana mmoja. Hesabu ya asilimia ya "mapato yanayotokana na" hukaribisha ubishi: kabla au baada ya marejesho, pamoja na VAT au bila?

Shilingi hiyo moja ikatwe ndani ya 65 na 90, au iongezwe juu yake? Wizara ya Fedha itapenda iongezwe, ili isipoteze kitu. Kwa kinga pia ni afadhali, maana bei ndiyo silaha kubwa kuliko semina yoyote. Kijana mwenye mfuko mwepesi huhisi bei mapema kuliko mtu mzima mwenye mshahara. Lakini hapa pana jambo ambalo nyaraka za sera hulipita haraka.

Sigara anazovuta mwanafunzi hazinunuliwi kwa pakiti. Zinanunuliwa moja moja kibandani, kinyume cha sheria, na bei ya kibandani hutembea kwa sarafu zilizopo. Sarafu zinazotumika ni 50, 100, 200, 500 na 1,000. Nyongeza ya Julai 2025 ilikuwa shilingi 10 kwa sigara, na hakuna sarafu ya kumi mfukoni mwa mtu. Muuzaji ana njia mbili: kuimeza, na kijana hasikii lolote; au kupandisha kwa 50 au 100, na kijana akalipa mara tano au kumi ya nyongeza, tofauti ikibaki kwa muuzaji badala ya Hazina. Kwa hiyo nyongeza ndogondogo za kila mwaka zinaweza kupita bila kuonekana, kisha bei ikaruka ghafla, halafu ikatulia tena. Kama lengo ni vijana, kiwango kipangwe kwa kuangalia kama kitaivusha bei ya sigara moja hadi sarafu inayofuata. Kumi haivushi. Hamsini inavusha.

Ongeza na mfumuko wa bei. Kiwango kilichoganda miaka minane hupungua thamani kimyakimya. Kupanda kutoka 55 hadi 65 ni asilimia 18, na kutoka 80 hadi 90 ni 12.5, vyote viwili viko chini ya kile ambacho kupanda kwa bei kilikuwa kimekula. Kwa maneno mengine, sigara ya Uganda baada ya nyongeza ilibeba ushuru mwepesi kuliko wa 2017. Shilingi ya kinga iandikwe na kipengele cha kuirekebisha kila mwaka, la sivyo baada ya miaka michache itakuwa sarafu ya kumbukumbu.

Hoja inayosikika sana dhidi ya haya yote ni magendo. Ni hoja ya kweli na hutiwa chumvi. Arua iko jirani na Kongo na Sudan Kusini, Busia iko juu ya mstari wa Kenya, na sigara zisizo na stempu zipo. Dawa yake haiko kwenye kuushusha ushuru. Iko kwenye ukaguzi wa stempu madukani, na huo unahitaji watu wa kwenda dukani, ambao ndio tunaotafuta pesa yao.

Tuseme basi shilingi imepatikana. Ipite wapi? Mfuko mpya wenye bodi, mkurugenzi na gari ni kosa kwa kiasi kama hiki. Utawala utakula nusu kabla ya kufika Koboko. Njia fupi ni fungu lenye jina lake ndani ya bajeti ya Wizara ya Afya (Vote 014), likiwa na sehemu ya ruzuku yenye masharti kwa wilaya, kama ruzuku ya huduma za afya ya msingi inavyokwenda kwa afisa afya wa wilaya. Thailand ilijenga mfuko huru mwaka 2001, ukilishwa na nyongeza ya asilimia 2 juu ya ushuru wa tumbaku na pombe, na umedumu. Ulidumu kwa sababu sheria iliandika njia ya pesa hadi mwisho.

Kosa linalofuata ni la kalenda, na limeua programu nyingi nzuri. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na pesa hutolewa kwa robo. Mwaka wa shule huanza Februari. Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, ikichelewa kidogo inaangukia mwisho wa muhula wa pili, walimu wakiwa kwenye mitihani. Robo ya nne ikifika Mei, inabaki mwezi mmoja na ushee, na sheria inataka kilichobaki 30 Juni kirudi Hazina. Matokeo yake ni semina tatu za hotelini katika wiki ya mwisho ya Juni. Ratiba inayowezekana ni hii: robo ya kwanza iende kwenye mafunzo ya walimu wakati wa likizo ya Agosti na Septemba, robo ya pili kwenye redio na ukaguzi wa maduka, robo ya tatu (Januari hadi Machi) kwenye kazi ya madarasani muhula unapoanza, na ya nne kwenye ukaguzi tena na kupima. Madarasa yasipewe pesa ya robo ya nne kabisa.

Na mapato yatashuka kama kazi inafanikiwa. Hilo lisimshtue mtu. Mgao wa mwaka ukokotolewe kwa wastani wa miaka mitatu iliyopita ya stempu, ili wilaya isikatiwe katikati ya mkataba wa redio kwa sababu mwagizaji mmoja alijaza ghala kabla ya bajeti na kuagiza kidogo baadaye. Kujaza ghala kabla ya kiwango kupanda ni mchezo wa kawaida wa biashara hii.

Ni nini kinunuliwe? Mihadhara ya kutisha yenye picha za mapafu meusi ni rahisi kuandaa na haibadilishi sana tabia. Kinachofaa zaidi ni masomo mafupi yanayorudiwa, yanayomfundisha kijana kukataa mbele ya wenzake na kurekebisha dhana kwamba kila mtu anavuta. Utafiti wa kitaifa wa watu wazima wa 2013 uliwakuta asilimia 7.9 tu wakitumia tumbaku ya aina yoyote, wanaume 11.6 na wanawake 4.6. Yaani zaidi ya tisa kati ya kumi hawatumii. Mwulize kidato cha pili wakisie, watakuambia nusu. Takwimu hiyo moja, ikifundishwa vizuri, ina kazi kubwa kuliko bango la kaburi.

Kwenye maduka, kagua yale yanayozunguka shule, mara mbili kwa muhula. Vitu vya kutazama ni vichache: pakiti iliyofunguliwa juu ya meza, kiberiti kilichofungwa kwa kamba, stempu, na picha ya onyo. Vya kwanza viwili vinatosha kuonyesha kwamba sigara zinauzwa moja moja. Ziara ya kwanza elimu, ya pili onyo la maandishi, ya tatu mashtaka. Asitumwe mtoto kununua ili kumnasa muuzaji. Ushahidi huo una matatizo ya kisheria na ya kimaadili, na pakiti iliyo wazi inasema vya kutosha.

West Nile, eneo la kaskazini-magharibi lenye Arua, Koboko na Maracha, inahitaji uangalifu wake. Huko, na Bunyoro na Kanungu pia, kuna familia ambazo karo ya shule imetoka kwenye shamba la tumbaku. Mwalimu wa Maracha anayesema tumbaku ni uovu mtupu anawatukana wazazi wa darasa zima, na darasa linamzibia masikio. Somo lianzie shambani: sumu ya nikotini inayopenya ngozi wakati wa kuvuna majani mabichi, kichefuchefu na kizunguzungu ambavyo watoto wanavijua tayari, kuni za kukaushia, siku za shule zinazokosekana msimu wa mavuno. Kwa Lugbara na Kiswahili, si kwa Kiingereza cha kitabuni.

Kampala ina sura nyingine. Shisha na kuber (tumbaku ya kuwekwa mdomoni) ni marufuku, kwa hiyo hazilipi ushuru halali, kwa hiyo hazitaonekana kamwe kwenye hesabu ya stempu, ilhali ndizo zinazomfikia kijana wa baa na hosteli. Sheria ya fungu iseme wazi kwamba pesa itokanayo na sigara inaweza kutumika dhidi ya bidhaa yoyote ya tumbaku au nikotini, la sivyo mkaguzi wa hesabu ataikataa risiti ya operesheni ya shisha kwa hoja kwamba haihusiani na chanzo. Na kampuni za sigara zisiguse programu hii, hata kwa kuchapisha daftari. Kodi ni wajibu wa mlipaji, na haimpi kiti mezani.

Kwa upande wa utaratibu, barua ya kwanza ya wito wa bajeti hutoka karibu Septemba, waraka wa mfumo wa bajeti, yaani rasimu ya mipango yake, unatakiwa Bungeni kufikia 31 Desemba, na bajeti yenyewe 1 Aprili. Fungu jipya lisipotajwa kwenye karatasi za Desemba, Aprili ni kuchelewa. Rekebisho la Sheria ya Ushuru wa Bidhaa na rekebisho la Sheria ya Mamlaka ya Mapato yasafiri pamoja, yote mawili kama miswada ya serikali, kila mmoja na cheti cha athari za kifedha kutoka kwa Waziri wa Fedha. Likipita la ushuru peke yake, bei itapanda na vijana watafaidika kwa hilo, lakini shilingi yao itaendelea kuingia Mfuko Mkuu kama ile ya mafuta ya barabara.